Mguu wa Shemeji na Uanachama wa Dhahabu

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni refu, ni zito, na likitoka kwenye mashine ya pasi linachoma mikono. Linataka wawili. Huyu anashika pembe zake, yule zake, wanalivuta mpaka linyooke, wanalikunja kati, kisha wanatembea kukutana uso kwa uso, vidole vikigusana, mmoja anapokea na mwenzake anainama kuokota mkunjo wa chini. Ukikunja mashuka na mtu mwaka baada ya mwaka, huna haja ya kumuuliza kama amelala vizuri au kama amegombana na mumewe. Unaona tu anavyokuja na pembe zake.

Ndiyo maana Kijumbe alikuwa amehamia kwenye foronya. Foronya mtu anakunja peke yake, macho chini.

"Kijumbe, mgongo bado?" aliuliza mama wa mashine ya pasi.

"Bado, dada. Unaniua."

Uongo mtupu. Mgongo wake ulikuwa mzima, ungeweza kubeba gunia. Kilichokuwa kikimuua kilisimama upande wa pili wa meza, kikikunja mashuka na msichana mgeni ambaye bado hajui kuvuta. Kilikuwa ni Kimya, mwenzake wa siku zote, na Kijumbe hakuwa na macho ya kumtazama.

Tuanze na jina, maana kisa chote kimekaa humo. Wanawake wa chumba kile cha kufulia walikuwa na upatu wao. Kila siku ya mshahara kila mmoja anatoa fungu lake, mafungu yanakusanywa, anapewa mmoja. Mshahara unaofuata anapewa mwingine, mpaka wote wapate na mzunguko uanze upya. Anayekusanya na kugawa ndiye kijumbe. Mama huyu alikuwa ameishika kazi hiyo muda mrefu hata jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Manesi walimwita Kijumbe. Daktari akija kufoka juu ya shuka lenye doa, naye husema, "Niitieni Kijumbe." Na mwenyewe alilipenda. Mbele ya watu ambao mshahara wao huliwa kabla haujafika, kuwa mtu ambaye ukimpa senti yako leo utaikuta kesho ni heshima kubwa, na Kijumbe hakuwa na heshima nyingine ya kujivunia.

Kimya yeye aliitwa hivyo kwa sababu maneno yake ya kutwa nzima yangetosha ndani ya foronya moja. Mumewe alikuwa mpakia mizigo. Rundo la mbao lilimporomokea ghalani, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Karakana ya viungo bandia ilimpima, ikasema mguu utatengenezwa, na malipo yote ni siku ya kuuchukua. Zamu ya Kimya ya upatu ilipofika, alizipokea pesa, akazihesabu, kisha akazirudisha mkononi mwa Kijumbe.

"Dada, nihifadhie," alisema. "Kwangu pesa hailali. Ndugu wa mume wanainusa."

Kijumbe alizifunga kwenye kitambaa chake cha maua, kile kile cha upatu, akazitia chini ya sanduku la nguo. "Hata nikifa leo, mdogo wangu, njoo uinue sanduku. Utazikuta." Alisema hayo mbele ya watu, kwa sauti, tena akiwa ameshika kiuno.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake siku ya mshahara uliofuata, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama karatasi ya mshahara na pale penye neno kodi. Juu ya ujumbe palikuwa na nembo ya mizani, yenye kutisha kidogo kama nembo zote za serikali. *Ndugu mfanyakazi, je, umekatwa kodi kwa zaidi ya miaka mitano? Huenda unadai pesa nyingi! Jiunge leo na Umoja wa Marejesho. Wataalamu wetu watakudaia.*

Msimcheke mapema. Nyumbani kwake binti yake mkubwa alikuwa amerudi kutoka kwa mume, akiwa na watoto wawili na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Wote walilala chumba kimoja, na Kijumbe alilala kwenye mkeka mlangoni, hivyo kila aliyekwenda chooni alimkanyaga miguu kwanza. Chumba cha jirani kilikuwa kitupu, mwenye nyumba anataka malipo ya miezi sita. Na huku kodi ya ujana wake wote, aliyokatwa bila kuulizwa, ilikuwa mahali fulani imerundikwa. Alianza kuiona kwa macho. Aliona mpaka kitanda.

Aliingia daraja la chini, la Shaba, kwa pesa yake mwenyewe kidogo. Kesho yake mtu alimpigia, akajitambulisha kuwa ni Mshauri. Sauti laini, ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Mama yangu, nimefungua faili lako, nimeshtuka."

"Umeshtuka nini, baba?"

"Unadai, mama. Unadai sana. Tatizo ni hii Shaba yako. Shaba haifiki huko kwa wakubwa. Huko kunataka Dhahabu."

Akamtajia bei. Kijumbe alitafuta ndoo kwa mkono, akaketi.

"Najua ni kubwa," Mshauri alisema kwa huruma. "Lakini ofa inafungwa leo jioni, na marejesho hayazidi wiki. Mimi mwenyewe nitalisimamia faili. Ukipata, utanikumbuka kwa soda."

Wiki. Fundi wa karakana alikuwa amesema mguu utachukua mwezi na zaidi. Kijumbe alipiga hesabu zake: nazikopa wiki moja, nazirudisha kwenye kitambaa, nani atajua? Amana ya mtu ukishaiita mkopo moyoni mwako umeshaiiba, na yeye aliyewahubiria wenzake hayo miaka yote aliyajua. Lakini tamaa ina mdomo mtamu kuliko Mshauri. Aliinua sanduku. Wakala wa pesa za simu alizihesabu mara mbili, akamtazama. "Mama, zote hizi kwenye namba hii?" Naye akamjibu kwa ukali, "Wewe tuma, mwanangu. Umeajiriwa kutuma au kuuliza?"

Jioni hiyo hiyo ukaja ujumbe mwingine. *Karibu mwanachama wa Dhahabu. Una siku kumi na nne za kughairi na kurudishiwa ada yako.*

Mtu mwingine yeyote angehesabu siku hizo kwa vidole. Kijumbe alizisoma, akatabasamu, akazima simu. Kwake yeye uanachama ulikuwa ni upatu tu, ila mkubwa zaidi, wa watu wenye ofisi. Unatoa, unangoja, zamu yako inafika. Na katika upatu hakuna aibu kama kudai kabla ya zamu. Zamani kidogo mpishi wa wodi ya watoto, aliyekuwa mwenzao, aliomba arudishiwe michango yake mzunguko ukiwa katikati, maana mama yake mzazi alikuwa kitandani. Kijumbe alimjibu mbele ya wote: "Uanachama si mkeka, eti ukichoka unaukunja unaondoka." Mpishi aliondoka akifuta macho kwa aproni. Alilipwa, ndiyo, lakini mwisho wa mzunguko, kwa zamu, na mama yake alikuwa ameshazikwa.

Basi wiki ya Mshauri ilipopita, Kijumbe hakupiga simu. Alimjua mtu anayemsumbua kijumbe kila siku anavyoonekana, na hakutaka kuonekana hivyo. Akasema moyoni, zamu yangu bado. Wiki ya pili akasema, wanachama ni wengi. Siku ya kumi na tano ilipita naye anakunja mashuka na Kimya, wakikutana katikati, na alikuwa anaimba.

Aliyeukatiza wimbo alikuwa Kimya. "Mguu uko tayari, dada," alisema asubuhi moja, akiwa ameshika pembe zake. "Fundi amepiga simu. Nitazichukua kesho?"

"Kesho... kesho nina zamu ya mapema. Keshokutwa, mdogo wangu."

Keshokutwa akasema amesahau. Siku iliyofuata mgongo ukaanza kumuuma, akahamia foronya. Kimya hakuuliza tena. Alimtazama tu kila alipopita na toroli, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko kelele. Kisha ikasikika kutoka kwa mama wa mashine ya pasi kwamba karakana haina mahali pa kuweka miguu ya watu. Wanaosubiri ni wengi. Usiochukuliwa mpaka mwisho wa mwezi wanaufungua skrubu, vipande vyake wanampa mwingine, na wewe unarudi mwisho wa foleni, mwaka mwingine huo.

Mwenye mguu naye akaja. Alimngoja Kijumbe getini, mchana wa jua kali, magongo mawili kwapani na shati lililopigwa pasi.

"Shemeji!" alimwita kwa furaha. "Nimeuona, bwana. Wameuweka kwenye rafu, umevaa kiatu. Mguu umepata kiatu kipya kabla yangu mimi!"

Kijumbe alicheka naye. Ilimbidi acheke.

"Ghalani wameniambia kuna kazi ya kuandika mizigo inayoingia," aliendelea, sauti ikishuka. "Lakini wanataka mtu anayesimama. Wananingoja mpaka mwezi ukiisha. Sikusumbui, shemeji, najua ziko salama. Nimekuja kukusalimia tu."

Alipogeuka kwenda, gongo moja liliteleza kwenye kokoto, akayumba, akajishika ukutani, akatazama nyuma kuona kama ameonekana. Kijumbe alirudi ndani akaingia stoo ya mablanketi, akafunga mlango na kuketi sakafuni. Ndipo kwa mara ya kwanza akapiga simu Umoja wa Marejesho.

Namba ya Mshauri haikupatikana. Haikupatikana siku ile wala siku zilizofuata. Kijana aliyelelewa vizuri alikuwa ameyeyuka. Akapiga namba ya huduma. Bonyeza moja, bonyeza nne, kisha muziki. Muziki ule aliusikiliza stoo, chooni, kwenye kona ya mashine ya kukaushia, mpaka akajua mahali panapokwaruza. Salio lake liliisha mara mbili kabla mtu hajapokea. Mara ya tatu akapokea binti.

"Asante kwa kusubiri. Naongea na mwanachama wa daraja gani?"

"Dhahabu, mwanangu. Nataka kutoka. Nataka pesa yangu."

"Nikuangalizie, mama... Muda wako wa kughairi ulikuwa siku kumi na nne. Umepita."

"Najua umepita. Nilikuwa nangoja zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Ya kulipwa. Si mnalipa watu kwa zamu?"

"Hapana, mama. Hapa hakuna zamu. Wewe unalipia huduma. Sisi tunakuandikia barua ya maombi. Ya kwako ilishatumwa."

"Imejibiwa?"

"Hilo ni la mamlaka ya kodi, siyo letu."

"Mshauri aliniambia nadai! Aliniambia wiki!"

"Tangazo linasema huenda, mama. Huenda unadai." Alisoma kitu, ilisikika kwamba anasoma. "Kwa kuwa wewe ni mwanachama wa Dhahabu, ninachoweza ni kukuongezea miezi mitatu ya uanachama, bure."

Kijumbe alicheka, kicheko kikaharibika katikati kikawa kilio. Alimwambia yote. Akamwambia juu ya kitambaa cha maua, juu ya mbao, juu ya mguu uliovaa kiatu rafuni. "Mwanangu, pesa ile si yangu. Nisaidie kama ungemsaidia mama yako. Nirudishieni hata nusu. Hata robo."

Upande wa pili sauti ilishuka. "Mama, mimi nimewekwa hapa kupokea simu tu. Hata hivyo, nenda mamlaka ya kodi mwenyewe ukaulize. Usiseme nimekwambia." Kisha akapaza sauti, "Asante kwa kuwa mwanachama," na simu ikakatika.

Aliomba ruhusa, akaenda. Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vya chuma na feni isiyofika kwa watu. Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni, mpole, na upole wake ndio uliomaliza kila kitu.

"Mama, umewahi kuajiriwa kwingine?"

"Hapo hapo hospitali, tangu usichana wangu."

Karani alibonyeza, akasogeza miwani, akabonyeza tena. "Basi mwajiri wako anakukata kulingana na mshahara wako. Hakuna kilichozidi mwezi hata mmoja. Hudai kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Barua yao ninaiona hapa, mistari miwili. Tuliijibu hivyo hivyo." Alimtazama juu ya miwani. "Kwani walikutoza? Maana hata ungekuwa unadai, ungejaza maombi pale dirishani. Ni bure."

"Bure?"

"Bure kabisa, mama."

Neno hilo lilimpiga kuliko yote. Aliomba maji. Karani alimletea kwenye kikombe chake mwenyewe, akamwelekeza dawati la malalamiko ya wateja, ghorofa ya juu, ambako alieleza tena, akaandikiwa, akatia sahihi.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Tutakutumia ujumbe," aliambiwa. "Wapo wa mwaka jana bado tunawafuatilia."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Kijumbe alimwendea kaka yake, na kaka yake akasema, "Dada, umenikuta vibaya," maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa akimwambia kaka yake miaka yote. Alijaribu kuuza redio, ikakosa mnunuzi. Binti yake alipomwona anazungukazunguka chumbani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, akamkaba mpaka akasema. Hakumlaumu. Alivua hereni alizopewa na mume siku ya ndoa, akamwekea mkononi. "Hizi nazo zifanye kazi, mama. Aliyenipa hakufanya." Sonara alizikwaruza, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha juu ya kaunta. Zilikuwa shaba.

Siku mbili kabla ya mshahara alikutana na mpishi wa wodi ya watoto kwenye korido, anasukuma toroli la sufuria. Kwa kawaida walikuwa wanapishana kwa salamu ya midomo tu. Siku hiyo Kijumbe alishika toroli kwa mikono miwili.

"Mpishi, nikopeshe. Nitakulipa kwa riba unayotaka."

Kijumbe alimweleza, kwa haraka na kwa sauti ya chini, watu wakipita. Alipofika kwenye siku kumi na nne, mpishi alicheka bila furaha.

"Kwa hiyo na wewe umeambiwa mkeka haukunjwi."

Kijumbe aliinamisha kichwa. Alitaka kuomba radhi, na alijua kwamba mtu akiomba radhi siku aliyokuja kukopa, hiyo si radhi.

"Sina pesa," mpishi alisema. "Na ningekuwa nayo, sijui. Lakini nikwambie kitu. Mimi siku ile sikuumia kwa pesa. Niliumia kwa sababu ulijua nina shida, ukanijibu kama hunijui. Huyo mwenzako unamjibu hivyo hivyo sasa, na foronya zako. Mwambie leo. Asije akaambiwa na mtu mwingine."

Akasukuma toroli lake. Kijumbe alisimama pale mpaka harufu ya uji ilipoisha.

Mchana huo huo alimwendea msichana mgeni, akamwambia, "Nenda kwenye foronya, mwanangu." Akazishika pembe mbili. Kimya alizishika zake. Walivuta, wakakunja kati, wakatembea. Walipokutana, vidole vikigusana, Kijumbe alisema.

"Kimya, pesa zako hazipo. Nilizichukua mimi. Nilidanganywa na watu wa kodi, lakini aliyeinua sanduku ni mimi."

Kimya aliachia. Shuka likaanguka sakafuni upande wake, jeupe, likavuta maji ya kwenye saruji. Shuka lililoanguka halikunjwi tena, linarudi mashineni, na kila mtu chumbani anajua. Kwa hiyo wote waligeuka.

"Zote?" Kimya aliuliza.

"Zote."

"Lini?"

"Kabla mguu haujakamilika."

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na mashine ya pasi ilikuwa inazunguka bure. Kijumbe alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kimya aliokota shuka, akalikunjakunja ovyo kifuani kama mtu anayebeba mtoto, na kwa mara ya kwanza wenzake walimsikia akisema maneno mengi kwa mfululizo.

"Ungeniomba, dada. Mimi ningekunyima? Tumekunja wote miaka hii, najua unalala mlangoni, najua wajukuu wanakukanyaga. Ungesema, Kimya, nataka chumba. Ningekwambia chukua nusu, mume wangu avumilie. Wewe ukaniimbia nyimbo. Ukaniimbia nyimbo, dada, na pesa zangu huna!"

Kisha akaketi chini, pale pale kwenye saruji yenye maji, akalia. Kijumbe alinyoosha mkono kumgusa bega, na mkono ukarudi wenyewe.

Walikaa siku ya mshahara, wote, baada ya kazi, kwenye mabenchi ya kubadilishia nguo. Sitawadanganya kwamba walikuwa wapole. Mama wa mashine ya pasi alisema watu wa namna hii hupelekwa polisi, wala si barazani. Mwingine alisema hawezi kulaza watoto wake njaa kwa ajili ya ujinga wa mtu mzima. Msichana mgeni, ambaye hata zamu hakuwa ameipata, aliuliza kama pesa yake ipo. Hilo ndilo lililomchoma Kijumbe kuliko polisi. Aliitoa michango iliyokuwa imeshatolewa asubuhi hiyo, akaihesabu mbele yao, ilikuwa kamili, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Mwishowe walikubaliana, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha kesho yake na mguu haukuwa na kosa. Kila mmoja atatoa mafungu mawili. La kwanza la upatu kama kawaida, la pili la mguu. Zamu ya Kijumbe, ambayo kwa desturi ya kijumbe huwa ya mwisho, imefutwa, na pesa za zamu hiyo ndizo zitakazowarudishia fungu la pili. Walitoa mmoja mmoja. Yule aliyesema habari ya watoto kulala njaa alitoa huku machozi yanamtoka, akaziweka mezani kwa kishindo.

"Na kitambaa," alisema mama wa mashine ya pasi.

Kijumbe hakuelewa kwanza.

"Kitambaa cha upatu. Kilete."

Alikitoa kwenye mfuko wa aproni. Kilikuwa kimefifia, maua yake hayajulikani tena rangi. Alianza kukikunja vizuri, akaacha, akakitoa hivyo hivyo. Walimpa Kimya.

Shemeji alianza kazi ghalani Jumatatu. Siku moja alipita getini kuonyesha anavyotembea, na alitembea vibaya, kwa kuchechemea, na kwa fahari. Alimsalimia kila mtu kwa jina. Kijumbe alimwona kutoka dirishani akabaki ndani. Umoja wa Marejesho ulimtumia ujumbe kwamba uanachama wake wa Dhahabu umeongezwa miezi mitatu. Dawati la malalamiko nalo huandika mara moja moja: *Lalamiko lako linashughulikiwa.* Yeye husoma, hufuta, hulala mlangoni pake.

Kimya bado anakunja naye mashuka. Hakukataa. Wanavuta, wanakunja, wanakutana katikati, na Kimya anapokea pembe bila kumgusa vidole. Ni ufundi, ukitaka unaweza.

Siku ya mshahara iliyofuata walikuwa hivyo, shuka likiwa hewani kati yao, nesi alipotia kichwa mlangoni akaita, "Kijumbe! Nimeleta mchango wa wale wa maabara, wanataka kujiunga."

Aliinua uso kwa haraka. Mkono wake ulikuwa umeshaachia pembe moja na kuingia kwenye mfuko wa aproni, unatafuta kitambaa.

"Abee," alijibu Kimya. "Nakuja."